Gango Lipi kwa Mguu Upi: Kuchagua Kabla ya Kufunga

Jumamosi alfajiri, kwenye steji za mjini Nairobi, huwakosi vijana wenye mabegi mgongoni wakisubiri gari la kwenda milima ya Longonot, Kilimambogo au Elephant Hill. Mimi huwa miongoni mwao, na kwa kuwa niliwahi kusomea huduma ya kwanza, mkoba wa dawa huangukia mgongo wangu kila safari. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Ninunue splinti gani?"

Jibu langu huwaudhi. Nawaambia wasinunue kwanza. Gango, au splinti kama tunavyoiita darasani, yaani kitu kinachofungwa kwenye mguu au mkono ulioumia ili usicheze, huchaguliwa pale mtu alipoanguka, baada ya kuutazama mguu wenyewe. Ukishatoka nyumbani na gango moja akilini, utalifunga hilohilo hata kama mguu unataka jingine.

Haya nilijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza, mwenzetu mmoja aliteleza kwenye kilele cha tatu cha Ngong, akaumia muundi. Nikapata fimbo nzuri, imenyooka, ngumu kama chuma, nikaifunga ubavuni mwa mguu kwa kamba ya hema. Nilijiona daktari. Tulipofika Kona Baridi dada wa watu alikuwa analia, na si kwa sababu ya mfupa. Fimbo ilikuwa imemchimba kwenye kifundo hadi ngozi ikabadilika rangi, na kamba imezama ndani ya uvimbe. Mguu wenyewe haukuwa umevunjika. Maumivu yote ya njiani niliyatengeneza mimi.

Hatua ya 1: Jiulize hospitali iko mbali kiasi gani

Ikiwa mtu ameangushwa na boda pale Ngara au kwenye Thika Road, hospitali haiko mbali. Mwondoe kwenye hatari ya magari ikiwa lazima, mtu mmoja apige 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu, kisha wewe ushike mguu kwa mikono miwili, mmoja juu ya palipoumia na mwingine chini, usiuache ucheze. Hapo mikono yako ndiyo gango. Sioni faida ya kumsumbua mtu dakika kumi ukitafuta mbao ilhali ambulensi inakuja na vifaa vyake.

Mlimani hesabu ni nyingine. Kuzunguka ukingo wa Longonot ni kilomita 7.2, na ukirudi ulipoanzia bado kuna mteremko wa vumbi hadi langoni. Gango la huko litabebwa, litatikiswa, litaloa jasho, kisha lipande pikapu. Huko ndiko utakapohitaji kusoma hatua zinazofuata kwa makini. Mjini, kwa kawaida unahitaji nusu yake.

Hatua ya 2: Mambo yanayotangulia gango

Mtu anapumua? Damu inaruka? Ameanguka kwa kichwa au shingo? Mfupa uliovunjika hutisha macho, lakini haya ndiyo huua upesi. Damu ikitoka kwa wingi, bonyeza kwa nguvu na kitambaa safi. Mfupa ukitokeza nje, usiurudishe ndani: funika kidonda kwa kitambaa safi chenye unyevu, kisha endelea.

Vua pete, saa na bangili za mkono ulioumia mara moja, kabla uvimbe haujazibana. Pete ya ndoa inayoweza kuvuliwa sasa kwa mate, ukiiacha itakatwa baadaye kwa msumeno.

Halafu pima vitu vitatu, *mbali* na palipoumia, yaani upande wa vidole:

Mapigo ya damu. Kwa mkono, tafuta kwenye kifundo upande wa dole gumba. Kwa mguu, juu ya wayo, au nyuma ya kile kifupa cha ndani cha kifundo. Ukikosa, bonyeza ukucha hadi weupe, kisha uachilie: rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Baridi ya Aberdare huchelewesha rangi kwa mtu mzima wa afya, kwa hiyo linganisha na upande usioumia. Kwenye ngozi zetu nyeusi usitafute weupe juu ya mguu. Angalia kucha, viganja na nyayo.

Hisia. Mguse kidole bila yeye kutazama, aseme ni kipi. Mwendo. Mwambie akunje vidole taratibu.

Yaandike pamoja na saa. Mimi huandika kwa kalamu ya wino kwenye plasta pana na kuibandika juu ya gango. Matokeo haya ndiyo kipimo chako: ukishafunga na ukute mapigo yaliyokuwepo yametoweka, kosa ni lako, fungua.

Hatua ya 3: Ni mfupa au ni kiungo?

Ukivunjika mfupa, gango lishike kiungo cha juu na cha chini yake. Kikiumia kiungo, gango lishike mfupa wa juu na wa chini yake. Kwa hiyo muundi uliovunjika unadai gango linalopita goti na linalofunga wayo. Fimbo yangu ya Ngong iliishia chini ya goti. Hata kama ingekuwa laini kama godoro, ilikuwa fupi.

Kisha tazama umbo. Kiungo kilichopinda, hasa kiwiko, goti au bega, kifunge kilivyo. Mfupa mrefu uliopinda nao mjini uache ulivyo. Mbali na msaada, ikiwa vidole vimepoa na mapigo hayapo, aliyefunzwa anaweza kuuvuta polepole kwa mstari na kuunyoosha mara moja. Ukigoma, au maumivu yakizidi ghafla, aache hapohapo. Kama hujafunzwa, gango lako lifuate umbo la mguu. Hii ndiyo sababu mbao iliyonyooka hunifurahisha kidogo sana siku hizi.

Hatua ya 4: Zijue jamii za magango

Gango la mwili. Kidole kinafungwa kwa jirani yake, mguu kwa mguu mwenzake, mkono kifuani. Halina bei, halisahauliki nyumbani, na kwa majeraha mengi linatosha. Watu hulidharau kwa sababu halionekani kama kifaa.

Gango laini. Mto, blanketi lililokunjwa, shuka la Kimaasai, jaketi. Kwa kifundo cha mguu ni zuri kuliko mbao yoyote, kwa sababu linajaza mabonde yote ya mfupa lenyewe.

Gango gumu. Mbao, fimbo ya kutembelea, ubao wa kupikia. Ni imara lakini halina huruma. Kila sentimita yake itandikwe kitu laini. Ndugu yake ninayempenda zaidi ni boksi. Katoni ya maziwa au ya mafuta ya kupikia, ikikunjwa mara mbili kwa urefu iwe kama mfereji, inashika mkono vizuri na unaikata kwa kisu cha mfukoni. Usiiamini kwenye mvua.

Gango la kukunjika. Hili ndilo lile la rangi ya chungwa na buluu linalouzwa likiwa limeviringishwa kama mkate wa chapati. Maarufu zaidi ni SAM, lililobuniwa na Sam Scheinberg, daktari Mmarekani wa upasuaji aliyetumika kwenye vita vya Vietnam; wazo alilipata akichezea karatasi ya chingamu. Ndani yake kuna bati jembamba la alumini katikati ya tabaka mbili za sponji, na lile la kawaida lina urefu wa sentimita 91 hivi. Likiwa bapa ni teketeke, mtoto anaweza kulikunja. Likunje kwa urefu, kingo ziinuke kama mfereji wa maji, na ghafla linakuwa gumu. Mabati ya paa yana mikunjo kwa sababu hiyohiyo. Nimewaona watu wakilifunga bapa, bila mkunjo, kisha wanashangaa mkono unacheza: hapo wamefunga sponji tu. Na faida nyingine, eksirei inapita, kwa hiyo hospitalini si lazima lifunguliwe kabla ya picha.

Gango la hewa. Mfuko wa plastiki unaopulizwa. Mjini ni safi na la haraka. Mlimani silipendi. Likijazwa mahali pa chini kisha mgonjwa akapandishwa, hewa ya nje hupungua nguvu na mfuko hukaza, akiteremshwa, hulegea. Jua nalo hulikaza. Nairobi iko mita 1,700 na zaidi, Point Lenana kwenye Mlima Kenya mita 4,985. Kati ya hapo kuna mabadiliko ya kutosha kuubana mguu. Tena mwiba mmoja wa mgunga na limekwisha. Lile la kunyonya hewa, lenye punje ndogo ndani, ni bora mno, lakini ni la ambulensi na vikosi vya uokoaji, si la begi lako.

Gango la kuvuta. Hili huuvuta mguu kwa urefu ili mfupa unyooke. Ni la mfupa wa paja pekee, nalo nitalirudia.

Hatua ya 5: Chagua kwa sehemu

*Vidole.* Kifunge na jirani, pamba au tishu katikati. Endelea na safari.

*Kifundo cha mkono na kigasha.* Hapa ndipo watu wanaoanguka wakijikinga huumia. Gango la kukunjika au boksi, kutoka kwenye viganja hadi karibu na kiwiko. Kiganja kisiwe bapa: kikae kama kimeshika glasi ya chai, kwa kuweka soksi iliyoviringishwa ndani yake. Ikiwa kigasha chenyewe kimevunjika, kiwiko nacho kinyimwe nafasi ya kucheza, na kwa hilo mbeleko inatosha. Nikisema mbeleko namaanisha leso iliyokunjwa pembetatu, ikafungwa shingoni ili kubeba mkono. Kiganja kikae juu kidogo ya kiwiko, na vidole vionekane.

Lipime gango kwenye mkono wako mwenyewe au kwenye mkono mzima wa mgonjwa, likae sawa, ndipo ulihamishie upande ulioumia. Mganga hajigangi, lakini hapa anajipima. Ukianza kukunja alumini juu ya mfupa uliovunjika utajua kwa kelele.

*Mkono wa juu.* Kifua ndicho gango. Mbeleko, kisha leso ya pili pana kuuzungusha mkono na kifua. Usikisukume kiwiko juu. Uzito wake ukining'inia kidogo unasaidia kuunyoosha mfupa.

*Mtulinga.* Mbeleko tu. Hakuna cha ziada.

*Kiwiko.* Kama kimekunjika, mbeleko na leso ya kifuani. Kama kimenyooka na hakitaki kukunjwa, usibishane nacho: gango refu kutoka kwapa hadi kiganja, kisha kifungwe ubavuni.

*Kifundo cha mguu.* Hiki ndicho utakachokutana nacho mara tisa kabla ya kingine, kwa hiyo nikae hapa kidogo. Kwanza amua kama kinahitaji gango. Kuna kanuni iliyotungwa na madaktari wa Ottawa, Kanada, mwaka wa 1992, ili kuamua nani apigwe eksirei, na mlimani inatusaidia kukadiria. Bonyeza ukingo wa nyuma wa vifupa viwili vya kifundo, cha ndani na cha nje, kuanzia ncha hadi sentimita 6 juu. Bonyeza pia mfupa unaotokeza katikati ya ubavu wa nje wa wayo, na ule ulio mbele kidogo ya kifundo kwa ndani. Kisha mwambie atembee hatua nne. Asiporuka kwa maumivu mahali hapo pote, na hatua nne zikamalizika hata kwa kuchechemea, huenda ni kuteguka tu: bendeji ya kuvutika, fimbo, mzigo wake abebe mwingine, mteremke polepole. Akishindwa hatua, au ukibonyeza mfupa akapiga yowe, mchukulie kama aliyevunjika.

Hapo chaguo langu la kwanza ni jaketi zito au shuka, liviringishwe liwe kama nyoka mnene, lipite chini ya wayo na kupanda pande zote mbili za mguu kama kikuku cha mpanda farasi, kisha lifungwe kwa leso tatu. Gango la kukunjika hufanya kazi hiyohiyo kwa umbo hilohilo, na likitandikwa soksi ni imara zaidi kwa kubebwa. Kiatu? Mabishano ya miaka. Mimi hulegeza kamba zote, navuta ulimi mbele, napima mapigo kwa kidole. Nikiyapata na baridi ni kali, kiatu kinabaki kimelegea. Nisipoyapata, kiatu kinakatwa, hata kama kilinunuliwa jana.

*Muundi.* Pande mbili, kutoka katikati ya paja hadi kupita kisigino. Mkeka wa sponji wa kulalia kambini ndio kifaa bora hapa: uzungushe mguu kama chapati inavyozunguka yai kwenye rolex, uache mbele wazi ili uone ngozi. Kama huna chochote, funga mguu kwa mguu mwenzake, na ujaze nguo katikati ya magoti na vifundo.

*Goti.* Likiwa halijapotoka, liache limekunjika kidogo, nguo chini yake, kisha mkeka uleule. Goti lililochomoka linaweza kujeruhi mshipa mkubwa wa damu unaopita nyuma yake, kwa hiyo mapigo ya wayo hapa upime mara nyingi kuliko kwingine.

*Paja.* Paja lililovunjika linaweza kumeza lita moja hadi moja na nusu ya damu bila tone kuonekana nje. Gango la kuvuta lilitokana na kazi ya Hugh Owen Thomas, mganga wa mifupa kutoka Wales aliyefanya kazi Liverpool na kufariki mwaka wa 1891. Alilibuni kwa ajili ya magoti yenye ugonjwa. Mpwa wake, Robert Jones, ndiye aliyelisukuma litumike kwa mapaja ya wanajeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na likaokoa wengi. Kwa hiyo siwezi kulikebehi. Lakini ni kwa mvunjiko wa katikati ya paja tu. Nyonga, goti au kifundo cha mguu huohuo vikiwa vimeumia, halifai. Nimeona video za watu wakilibuni kwa fimbo za kutembelea na mikanda. Wakufunzi wengi wa sasa wanashauri aliye porini afunge mguu kwa mguu mwenzake, amlaze, amfunike asipoe, na kutuma watu kuita msaada. Niko upande wao. Huyu hatembei, na habebwi begani.

*Nyonga.* Shosho aliyeteleza bafuni, mguu mmoja umeonekana mfupi na wayo umegeukia nje: usimwinue kumketisha. Mto katikati ya miguu, funga miguu pamoja kwa leso pana, ngoja ambulensi. Hii si ya mlimani, lakini ndiyo itakayokukuta nyumbani.

Hatua ya 6: Kufunga

Tandika kwanza, hasa palipo na mfupa chini ya ngozi: kifundo, kisigino, pembeni mwa goti, kiwiko. Nafasi tupu kati ya gango na mguu jaza nguo. Vitambaa vipitishe chini ya mabonde ya asili, nyuma ya goti na juu ya kisigino, usiuinue mguu. Tumia vitambaa vipana. Leso iliyokunjwa inashinda kamba yoyote. Mafundo yakae juu ya gango, yasikae juu ya ngozi wala juu ya palipoumia. Kidole chako kimoja kipite chini ya kila kitambaa.

Kisha rudia vile vipimo vitatu. Rudia tena kila dakika 15, kwa sababu uvimbe haulali. Gango lililokuwa sawa saa nne linaweza kuwa pingu saa tano.

Gango zuri hupunguza maumivu. Yakizidi badala ya kupungua, shavu la mguu likawa gumu kama mpira wa ngozi, na kukunja vidole vyake kukamfanya apige kelele, legeza kila kitu, weka mguu sawa na usawa wa moyo, na uharakishe. Misuli imebanwa ndani na damu haipiti. Hapo saa zinahesabika.

Hatua ya 7: Njiani

Mguu uliofungwa hausafiri na boda, hata kama mwenye boda ni rafiki. Kiti cha nyuma cha gari, mguu umelazwa, mtu wa pili ameushika.

Kutakuwa na atakayesema apelekwe kwa mzee anayekanda mifupa. Sibishani na mzee wala na waliopona kwake. Nasema tu eksirei kwanza, na mguu usivutwe na mtu ambaye hajaona kilichomo ndani.

Begi langu sasa lina gango moja la kukunjika, leso mbili, bendeji mbili za kuvutika, tepu pana niliyoizungushia chupa ya maji, makasi na kalamu. Gango nimelifanyia mazoezi kwa majirani hadi watoto wa ploti wakiniona wananyoosha mikono wenyewe. Likikunjwa mara nyingi sana bati huchoka, kwa hiyo la mazoezi liwe tofauti na la safari.

Ukifika hospitalini, mweleze muuguzi saa aliyoanguka, mapigo uliyoyakuta kabla na baada ya kufunga, na kama ulinyoosha chochote. Na jina lako liandike kwenye gango kwa wino usiofutika, kwa sababu litaingia naye chumba cha eksirei, na mimi bado nadai mawili.